Pete Kumi na Mbili

Asubuhi ile mtaa wa vipuri ulikuwa na kelele za kumsahaulisha mtu alichofuata. Wachukuzi walisukuma mikokoteni yenye injini nzima huku wakipiga miluzi wapishwe, redio tatu zilikuwa zikigombana, na kila mwenye duka alimwita kila mpita njia bosi. Mlangoni mwa duka moja jembamba dada mmoja alikaa kwenye kigoda, ubao mapajani, ameinamia karatasi nene ya gasketi. Alivaa gauni la kijani lililopauka na kitambaa cheupe kichwani. Kila alipogonga nyundo yake ndogo, tundu moja lilitoboka, duara kabisa.

Mkokoteni ulimsukuma mwanamume mwenye shati jeupe, akapepesuka, na kitu alichokuwa amekipakata ndani ya taulo kikaanguka miguuni mwa yule dada.

"Mungu wangu! Samahani, dada. Hakijakuumiza?"

Dada alifunua taulo. "Mimi mzima. Na wota pampu yako nzima."

"Nimezunguka tangu saa mbili. Natafuta kikazio chake."

"Kikazio ndiyo nini?"

"Kile kinachokaa kati ya chuma na chuma ili maji yasivuje."

"Gasketi."

"Kwa Kiswahili ni kikazio."

"Kaka, hapa watu wanaongea Kiswahili tangu asubuhi, na wote wanasema gasketi."

Mchukuzi aliyekuwa akipita alicheka. Mwenye shati jeupe naye akacheka, na alipocheka yule dada alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. Sura ilikuwa ya mtu anayelala na vitabu, lakini kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili. Kumbe alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa shule ya sekondari. Gasketi aliyoitaka haikuwapo kwenye duka lolote, kwa sababu gari lenyewe liliacha kutengenezwa yeye hajazaliwa.

Dada aliweka pampu juu ya karatasi, akapitisha penseli pembeni, akachukua mkasi. Kabla mwalimu hajamaliza kueleza historia ya gari, gasketi ilikuwa mkononi mwake.

"Dada, wewe unaitwa nani?"

"Fundi," alijibu Tajiri, mwenye duka, kutoka ndani. "Na wewe, mzee wa kikazio, acha kuzuia wateja."

*

Gari lilikuwa la marehemu baba yake. Lilikuwa la michezo, jekundu, fupi, pua ndefu, viti viwili tu. Injini yake ilinoki, ikafa barabarani siku moja, likavutwa hadi nyumbani, na mzee alikufa akiahidi kulifufua. Miaka kumi na moja lilikaa chini ya turubai. Sasa Mwalimu alikuwa ameishusha injini, na kwa kuwa banda la nje lilivuja, aliileta sebuleni. Ilisimama kwenye stendi ya mbao kando ya dirisha, imefunikwa shuka la maua, na kila asubuhi mama yake aliipangusa vumbi pamoja na kabati la vyombo.

"Wenzangu wana wakwe sebuleni," mama alimwambia Fundi siku ya kwanza alipofika kupima gasketi ya silinda hedi. "Mimi nimewekewa injini. Karibu, mwanangu. Pita upande huu, usije ukajichafua."

Alikuja Jumamosi ile, akaja na iliyofuata, kisha ikawa Jumamosi zote. Mwanzo alikata gasketi tu. Baadaye akaanza kusafisha vali na kupanga bolti kwenye makopo ya maziwa ya unga. Mwalimu alibandika karatasi kwenye kila kopo kwa mwandiko wake wa ubaoni: *Bolti za vifuniko vya fitokombo.*

"Fitokombo ni mdudu gani?" Fundi aliuliza.

"Hiki hapa. Fito iliyokomboka."

"Si useme krenki?"

"Krenki si neno."

"Neno lako likianguka mtaani kwetu hakuna wa kuliokota, mpenzi."

Lilimtoka tu, hilo la mpenzi. Fundi alishika mdomo. Mwalimu aliweka spana chini polepole.

"Rudia."

"Nirudie nini? Krenki?"

"Hilo la mwisho."

"La mwisho ni la kwangu," alisema, akainamia makopo, masikio yakimwaka moto. Alichukua penseli, na chini ya mwandiko wa Mwalimu akachora picha ya krenki. Hakupenda kusoma mbele za watu. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipofariki, akalelewa na shangazi yake, na barua ndefu zilimtoa jasho. Jumamosi iliyofuata makopo yote yalikuwa na nafasi tupu chini ya maandishi, Mwalimu ameziacha kwa ajili ya michoro yake. Siku hiyo Fundi alirudi nyumbani akitabasamu peke yake njiani kama mwendawazimu.

Simu zikaanza. Zilianza za mchana, wakati wa mapumziko ya shule.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nasahihisha insha. Mtoto kaandika 'injini ya maisha yangu ni mama'. Nimempa alama zote."

"Kwa hiyo mimi ni nini kwenye gari lako?"

"Wewe ni kikazio. Bila wewe kila kitu kinavuja."

"Sema gasketi, nitakupenda zaidi."

"Ga-ske-ti."

"Hapo sawa, laazizi. Rudi darasani."

Mwaka ulipita hivyo, ukaingia wa pili. Shangazi yake Fundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, hakuficha lake.

"Huyo mwalimu anakufundisha nini miaka miwili? Hata mtihani hakuna?"

"Anamalizia injini, Shangazi."

"Injini! Mwenzio anajenga gari la watu wawili. Muulize hicho kiti cha pili ni cha nani."

Fundi aliuliza, kwa njia yake ya kuzunguka. Siku moja wakipangusa silinda zilizotoka kuchongwa, alisema, "Gari hili lina viti viwili tu. Mama atakaa wapi tukitoka?"

"Kwenye buti," Mwalimu alisema, na mama akamrushia kitambaa kutoka jikoni.

"Nauliza kweli."

Mwalimu alimshika kidevu, akaacha alama ya oili. "Injini ikiwaka, mpenzi, tutaongea yote. Nikiwa na hili kichwani siwezi kufikiri kingine. Injini ikiwaka."

Hakuwa mwongo. Aliamini kwamba maisha yalikuwa yamepangwa kama makopo yale, moja baada ya jingine, na kopo la Fundi lilikuwa pale mwishoni, halitakwenda popote. Fundi alifuta kidevu chake na hakuuliza tena. Kuanzia siku hiyo alikuwa akingoja injini ile kuliko mwenyewe alivyoingoja.

*

Simu ilikuja Jumatano, saa sita mchana, mtaa wa vipuri ukiwa umefurika. Fundi aliziba sikio moja kwa kiganja.

"Fundi! Pete zimefika!"

"Nini?"

"Pete! Miezi saba nangoja, leo nimezichukua posta. Nzuri mno, zinang'aa. Jumamosi njoo nyumbani, siku ya kuvisha ndiyo hiyo. Bila vidole vyako sivishi hata moja. Na mama nimeshamwambia. Unanisikia?"

"Nakusikia," Fundi alisema, akakaa kwenye kigoda.

"Mbona kimya? Hufurahi?"

"Nafurahi. Nafurahi, mpenzi wangu."

"Basi Jumamosi saa nne. Usichelewe, ni siku yetu kubwa."

Mtaani kwao kile kiduara cha chuma kinachovishwa pistoni kiliitwa ringi. Kiliitwa ringi na Tajiri, na wachukuzi, na wachongaji, na Fundi mwenyewe tangu aanze kazi. Pistoni za gari lile zilikuwa zimelala ndani ya gazeti mwaka mzima, na hizo ringi zake, kwa jina lolote, zilikuwa hazijawahi kutajwa sebuleni. Kwa Fundi, pete ilikuwa pete. Alizijua za aina moja tu, na alikuwa akiziangalia kwenye vidole vya wanawake wengine. Na tena alisema zimefika. Mbili, Fundi aliwaza. Yangu na yake.

Jioni alimwambia shangazi. Shangazi alimkumbatia hadi kitambaa kikamdondoka kichwani, kisha akatoa kwenye sanduku kitambaa cha rangi ya zambarau iliyoiva, chenye maua ya fedha pindoni, alichokiweka miaka na miaka. Siku mbili walishona. Ijumaa gauni lilikuwa tayari, mikono mirefu, kiuno kimekamatwa vizuri.

"Geuka," alisema shangazi. "Geuka tena. Mama yako angekuona, mwanangu." Akajifanya anatafuta sindano.

*

Jumamosi saa nne kamili walibisha hodi. Shangazi alitangulia, mkoba kwapani, vitambaa viwili vinavyofanana begani, kimoja chake na kingine cha mama wa Mwalimu. Mwalimu alifungua mlango akiwa amevaa ovaroli, tochi mfukoni.

"Oh! Shangazi! Karibuni, karibuni." Alimtazama Fundi, akapigwa na butwaa. "Umependeza sana. Mnakwenda sherehe baadaye?"

Shangazi alicheka, akidhani ni mzaha wa mabwana harusi. Waliingia. Sakafu ya sebule ilikuwa imetandikwa magazeti. Juu ya meza, kwenye taulo safi, pistoni nne zilisimama zimeng'aa, na kando yake kulikuwa na kikopo cha oili na kijisanduku kidogo cha kahawia.

Shangazi alikiona kijisanduku. "Haya, mwanangu, usitucheleweshe. Mvishe mwenzako hiyo pete tupige vigelegele, miguu inaniuma."

Mwalimu alishika kijisanduku. Alimtazama shangazi, akalitazama gauni, akavitazama vile vitambaa vinavyofanana. Akafungua. Ndani, zimefungwa kwa karatasi ya mafuta, zilikuwa ringi kumi na mbili za chuma, kila moja ina pengo dogo ubavuni.

Na akacheka.

Hakikuwa kicheko cha dharau. Kilikuwa cha mtu aliyeshtuka, kilichotoka kabla hajajua, kama chafya. Lakini kilitoka, na kilikuwa kirefu.

"Pete za *pistoni*," alisema akijifuta macho. "Fundi! Pete za pistoni! Wewe si unajua..."

"Tunaziita ringi," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikuwa ameelewa yote kwa kuangalia pindo la gauni. "Mwanangu," alisema, "funga mdomo."

Shangazi alikuwa ameshashika mkono wa Fundi. "Twende. Twende zetu. Sijawahi kuona! Nimevaa viatu vya kubana nije kuona vyuma?"

Fundi aliutoa mkono wake taratibu. "Tangulia, Shangazi. Nakuja."

"Unabaki kufanya nini?"

"Aliniita kwa kazi. Nitaifanya."

Alivua viatu, akaviweka pembeni ya magazeti. Akakunja mikono mirefu ya zambarau hadi kwenye viwiko, akapiga magoti mbele ya meza. Shangazi alitoka. Mama alirudi jikoni.

Kazi ile haina haraka. Ringi ni chuma kigumu lakini chepesi kukatika. Ukiipanua unywele mmoja zaidi, imekuwa vipande viwili. Fundi alianza na ya chini, ya oili, akaipanua kwa vidole gumba viwili, akaipitisha, ikashuka kwenye mfereji wake bila kugusa ukuta. Akachukua ya pili. Kisha ya juu, alama ikitazama juu. Akazigeuza ili mapengo yasielekeane. Pistoni ya kwanza ikaisha.

"Taratibu hapo," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini. "Zina miezi saba njiani."

Pistoni ya pili. Tone la oili lilidondokea paja la gauni, likatambaa kwenye maua ya fedha. Hakulifuta.

Mwalimu alikuwa akiona. Alitaka kusema. Maneno yalikuwapo, mengi, mazuri, ya mtu aliyesoma. Yalikuwa yamejipanga kooni kama wanafunzi mlangoni. Lakini aliangalia vidole vile na chuma kile chembamba, akaogopa. Nikisema sasa atashtuka, aliwaza. Akishtuka itakatika. Ngoja amalize.

Pistoni ya tatu. Ya nne. Ringi ya kumi, ya kumi na moja.

"Alama juu," Mwalimu alisema.

"Nimeiona."

Ya kumi na mbili ikaingia. Hakuna hata moja iliyokatika. Fundi aliinuka, magazeti yamechora wino kwenye magoti yake. Alinawa mikono jikoni. Mama alimpa taulo, akamshika bega. Fundi alivaa viatu.

"Fundi," Mwalimu alisema, "sasa tukae tuongee."

"Injini haijawaka," alisema Fundi, akatoka.

*

Mwalimu alipiga simu mara tisa siku hiyo. Alipiga wiki nzima, na iliyofuata. Simu ilikuwa ikitetemeka juu ya ubao, vijiduara vilivyotobolewa vikirukaruka, na Tajiri akilalamika, "Pokea au zima, mashine ya kusaga hiyo." Fundi hakupokea na hakuzima.

Wiki ya nne simu iliita kwa namba ya mama. Hiyo alipokea, kwa heshima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Kaniomba simu, nami nimempa." Kisha ukaja mngurumo. Ulikohoa mara mbili, ukajikusanya, ukatulia, laini kama paka anayebembelezwa. Fundi alifumba macho. Alisikiliza silinda moja moja, zote nne.

"Unasikia?" Mwalimu alikuwa akipiga kelele. "Imewaka, mpenzi! Imewaka!"

"Nasikia. Imeshika vizuri."

"Nakuja huko. Usiondoke."

Alikuja. Gari jekundu liliingia mtaa wa vipuri na mikokoteni ikasimama yenyewe. Wachukuzi walilizunguka, mmoja akaingiza kichwa dirishani. Mwalimu alishuka na shati jeupe, kucha amezisugua hadi zimekuwa nyekundu. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Alipiga goti palepale kwenye vumbi la vipuri, akatoa kijisanduku, na safari hii ndani yake kulikuwa na pete moja ya dhahabu.

"Fundi wangu, naomba nikuoe."

Watu walishangilia. Tajiri alizima redio.

"Inuka, unachafuka," Fundi alisema. "Keti hapa."

Aliketi kwenye kreti kando ya kigoda. Fundi aliongea kwa sauti ya wao wawili tu.

"Mwalimu, siku ile uliponicheka, nilikuwa bado nakutaka. Ndiyo maana nilibaki. Wewe unajua ringi moja inachukua muda gani. Nilivalisha kumi na mbili, nikingoja useme neno moja. Hata samahani. Ungesema krenki ningefurahi."

"Nilikuwa nayo, maneno. Niliogopa ukishtuka itakatika."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilikuona ukiangalia. Hukuwa ukiniangalia mimi."

Mwalimu alisema, "Kosa lilikuwa la neno tu, mpenzi. Pete na ringi."

"Neno lilikuwa kosa langu. Nimeshajisamehe." Alifunga kijisanduku, akakirudisha kwenye kiganja cha Mwalimu, akakikunja kiganja chenyewe. Vidole vyake vilikaa pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Jibu langu ni hapana. Na sikiliza. Usilikimbize gari. Ringi mpya zinataka kuzoeana na ukuta. Kilomita mia tano za kwanza nenda polepole, kisha umwage oili uweke mpya."

"Fundi..."

"Mia tano. Usisahau."

Alichukua nyundo. Mwalimu alikaa kwenye kreti hadi wachukuzi wakachoka kumtazama, kisha akaingia garini akaondoka, polepole, kama alivyoambiwa. Alipopotea kwenye kona, Fundi alijigonga kidole gumba kwa nyundo. Miaka yote ya kazi haikuwahi kumtokea. Alikiweka mdomoni na akalia hapo hapo kwenye kigoda, na Tajiri akawafokea wateja wapite dirisha la pili.

*

Mvua zilikuja zikaisha. Gauni la zambarau halikutakata. Fundi alilikata vipande akavifanya matambara ya kufutia mikono, na maua ya fedha yalionekana kwenye ubao wake kila siku, yakizidi kufifia.

Asubuhi moja mtaa ulinyamaza kidogo, kisha mngurumo ule ukapita. Kwenye kiti cha pili alikaa mama, amejifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya upepo. Aliinua mkono kuelekea dukani. Mwanawe alitazama mbele.

Tajiri alitoka na kikombe chake, akalisindikiza gari kwa macho hadi mwisho wa mtaa.

"Umeona hiyo? Gari la zamani namna ile, halitoi moshi hata kidogo. Aliyevalisha ringi zile ana mikono."

"Anayo," alisema Fundi, akavuta karatasi nyingine.